Hasira ya Kariakoo ni ya haki, lakini tuangalie inakoelekea

Wakuu, salaam.

Nimesoma nyuzi nyingi za wageni Kariakoo na zote zinaishia palepale. Upande mmoja wafukuzwe wote, upande mwingine wafanyabiashara wetu ni wavivu, wazoee ushindani. Mimi nina frem Kariakoo, nauza vyombo vya nyumbani, na pande zote mbili haziniingii akilini. Naandika kwa urefu. Mwenye nafasi asome mpaka mwisho ndipo ajibu.

Nianze na hasira yenyewe, maana kuna watu wanaisimulia kama wivu. Kariakoo ilikuwa na ngazi ya kupanda na kila mtu aliijua. Unaanza kwa kutembeza mzigo wa bosi mkononi. Unapata meza barabarani. Baadaye mnachangia frem watu watatu, kila mtu na ukuta wake. Kisha mnachangia kontena. Siku unapopanda ndege kwenda China, Guangzhou au Yiwu, kuchagua mzigo mwenyewe, mtaa mzima unajua fulani ametoka. Faida yetu ilikuwa kwenye ile safari. Wewe ndiye unayekijua kiwanda, na mwenye duka wa Mbeya, Lubumbashi au Lusaka anakuja kwako kwa sababu yeye hakijui. Ngazi hiyo imesomesha watoto na kujenga nyumba nyingi Mbagala na Goba, kwa watu ambao wengine hawakumaliza hata darasa la saba.

Sasa imekatwa. Mchina mwenye kiwanda ameona hana haja ya kukusubiri uende kwake. Anamleta mtu wake, anapanga stoo, anapanga na frem, asubuhi anauza jumla na jioni anauza rejareja kipande kimoja kimoja. Bei yake ya rejareja ndiyo bei uliyonunulia wewe jumla, tena kabla hujalipa meli na ushuru. Hapo hakuna ujanja wa kuuza utakaokuokoa. Anayekwambia uzoee ushindani hajawahi kutoa kilemba ili apate frem, akalipa pango la mwaka mzima kwa mkupuo kwa hesabu ya dola, halafu akapambana na mtu ambaye mzigo hajaununua kwa yeyote.

Kwa hiyo Februari 2025 serikali ilipounda kamati ya kuchunguza biashara za wageni Kariakoo, niliunga mkono. Tarehe 28 Julai 2025 ilipotoka amri ya Waziri Jafo chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, ya kuzuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, niliunga mkono pia. Rejareja na jumla zimo (supermaketi zimeachwa), kutuma na kupokea pesa kwa simu, ufundi simu, saluni, kuongoza watalii, udalali, kununua mazao shambani, uchimbaji mdogo. Nchi ina haki ya kusema kazi hii ndogo ni ya wananchi wake. Kwenye hilo sina kigugumizi.

Kinachonikosesha usingizi ni maneno ya mtaani baada ya amri. Vijana wa mizigo wanamzomea mama wa Kichina anayenunua nyanya. Kinyozi Mkenya aliyekuwa rafiki wa kila mtu ameanza kuitwa mvamizi. Mteja kutoka Kongo anatukanwa kwa Kiswahili chake, hadharani, na watu wanacheka. Jamani, Mkongo ndiye anayebeba mzigo wetu! Atoe Kariakoo Mkongo, Mzambia, Mmalawi na Mkomoro uone frem ngapi zitafungwa kabla ya mwezi kuisha. Hao nao ni wageni. Tukishawafundisha vijana kwamba mgeni ni wa kuzomewa, hawatamuuliza kwanza kama amekuja kuuza au kununua.

Kuna jambo jingine ambalo naona tumelisahau haraka mno. Mei 2023 tulifunga maduka siku tatu mpaka Waziri Mkuu Majaliwa akaja kutusikiliza Mnazi Mmoja. Juni 2024 tukafunga tena. Mara zote mbili kilio kikubwa kilikuwa kodi na kamatakamata: mteja anatoka dukani na boksi lake, anasimamishwa barabarani anadaiwa risiti, kesho harudi. Hiyo ndiyo ilikuwa kero namba moja kwa midomo yetu wenyewe. Haukupita mwaka kero zote zikapewa sura moja, ya mtu mmoja mwenye macho madogo. Pango likipanda, Mchina. Mzigo ukidoda, Mchina. Aliyepandisha pango ni mwenye nyumba wetu, tunasali naye. Kwa nini jina lake halitajwi kwenye mikutano?

Halafu yupo mtu wa katikati, na huyu ndiye naomba tumjadili. Mgeni haingii Kariakoo peke yake. Leseni ina jina la Mtanzania, TIN ya Mtanzania, mkataba wa pango Mtanzania, na anayefunga hesabu jioni ni mwingine. Amri imemwona. Mgeni akikutwa na hatia ni faini isiyopungua milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na viza na kibali cha ukaazi vinafutwa. Mtanzania aliyemsaidia ni faini ya milioni 5 au miezi 3. Kelele zote nilizosikia zinahusu sentensi ya kwanza. Ya pili watu wanaipita, kwa sababu wengi wetu tunaye ndugu au jirani anayekula huko.

Na wakubwa pia watueleze. Siku chache tu baada ya amri, kule Ubungo kilizinduliwa kituo cha biashara na usafirishaji chenye maduka zaidi ya 2,000, kilichojengwa kwa mtaji wa Kichina. Sisemi ni kibaya. Nasema kijana wa Kariakoo ameambiwa mgeni haruhusiwi kuuza rejareja, na wiki hiyohiyo akaona kwenye taarifa ya habari jengo lile linakatiwa utepe. Asipopewa maelezo atayatunga mwenyewe, na yatakayotoka yatamwangukia mtu aliye karibu naye, yule mama wa nyanya.

Wenzetu wa Bondeni, Afrika Kusini, walianza na maneno ya namna hii. Mei 2008, Alexandra, Johannesburg. Malalamiko yalikuwa ya kweli: nyumba za serikali haziji, kazi hakuna, na Msomali au Mzimbabwe ana duka linaloenda. Vurugu zikaenea miji mingine na watu 62 wakafa. Hili wengi hawalijui: kati ya hao 62, raia wa Afrika Kusini wenyewe walikuwa 21. Watu wa kaskazini mwa nchi yao, au weusi zaidi kuliko walivyotarajiwa, au waliokosea neno la Kizulu walipoulizwa njiani. Mtaa ukianza kukagua nani ni wa hapa, kitambulisho hakitazamwi.

Nimemaliza. Karibuni, ila matusi hapana.

Chuma cha Mwenge ameandika:

Mkuu nakuheshimu lakini unatulaza. Kila Mwafrika akidai chake anatishiwa na Afrika Kusini. Ghana sheria yao ya uwekezaji ya mwaka 2013 imeweka wazi kwamba biashara ya sokoni na kutembeza bidhaa ni ya Mghana tu. Mbona Ghana hamuwasemi? Kijana wa Kitanzania ajiulize mara ngapi kama hasira yake ni nzuri au mbaya wakati mtaji umekufa? Mtaji wangu umekufa mwaka jana, laini tatu za viatu, nimerudi kuuza kwenye meza niliyoanzia nikiwa na miaka 19. Sitaki somo la upole.

Mwenye uzi:

Mkuu pole sana, na sikufundishi upole. Kuhusu viatu naelewa kabisa, ndiko walikoanza kuuma kuliko kote.

Ghana ni mfano mzuri kwa sababu wamepita njia zote mbili. Hiyo sheria ya 2013 inagusa kazi, inasema kazi hii asifanye asiye raia. Sina tatizo nayo, na amri yetu imefanana nayo. Lakini Ghana hiyohiyo, Novemba 1969, serikali ya Waziri Mkuu Busia iliwapa wageni wasio na vibali wiki mbili waondoke. Wengi walikuwa Wanigeria, wengine wamezaliwa hapohapo. Wenye mashamba ya kakao wakabaki wanatafuta vibarua. Miaka 13 baadaye, Januari 1983, mafuta ya Nigeria yameshuka bei na uchaguzi unakaribia, Rais Shagari akafukuza wageni wasio na vibali, na Waghana karibu milioni moja wakarudi kwao na mabegi vichwani. Wanigeria wa 1983 waliwakumbuka vizuri ndugu zao wa 1969.

Wewe una meza leo. Amri ikitekelezwa kwenye leseni na mikataba ya pango, utarudi kwenye frem. Ikitekelezwa kwa kuzomea watu barabarani, yule mwenye stoo atakaa ndani wiki mbili, ataandikisha jina jingine la Mtanzania, na wewe utabaki kwenye meza.

Mtoto wa Gikomba ameandika:

Ndugu zangu wa Bongo, mimi ni Mkenya, nafanya kazi ya mitumba. Niruhusuni niseme.

Juni 2019 mbunge wetu wa Starehe, Jaguar, alisimama mbele ya wafanyabiashara akawapa wageni saa 24, akasema baada ya hapo wataingia kwenye maduka yao wawatoe na kuwapiga. Aliwataja Watanzania na Waganda pamoja na Wachina na Wapakistani. Watu walimshangilia. Nilikuwepo sokoni wiki ile na kuna mama wa Kitanzania, jirani yangu kwa miaka, hakufungua kibanda chake kabisa. Hakuwa amemkosea mtu. Serikali yetu ilimkana yule mbunge, akakamatwa, bunge lenu nalo likapiga kelele Dodoma. Lakini zile kelele za kushangilia nilizisikia kwa masikio yangu na zilitoka kwa watu ninaowajua, wazuri, wenye madeni.

Sasa 2025 ikawa zamu yetu kusoma kwenye simu kwamba Mkenya hawezi kuwa na saluni au M-Pesa Arusha. Na mnakumbuka 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilichomwa moto Namanga, na ng'ombe wa Wamaasai wetu zaidi ya 1,300 wakapigwa mnada. Kila upande una orodha yake. Protokali ya Soko la Pamoja tulianza kuitumia Julai 2010, inasema mtu wa Afrika Mashariki anaweza kuhama, kufanya kazi na kuanzisha biashara nchi jirani. Mwenye uzi, wewe umeunga mkono amri yote. Mimi na Mchina mwenye kiwanda tuko kapu moja kwako?

Mwenye uzi:

Swali zuri na linauma. Hapana, hamko kapu moja. Amri imesema "wasio raia" bila kutenganisha, na hapo naona imekosea. Kinyozi wa Nairobi hana kiwanda nyuma yake. Anakuja na mashine yake na mikono yake kama sisi tunavyokwenda Lusaka. Ningependa watu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki watolewe humo kwa maandishi, na mkituwekea ninyi vikwazo nasi tuvipigie kelele kupitia njia zilezile za Jumuiya. Wapo watakaonipinga hapa, najua.

Na tusiwasahau wenzetu waliokuwa China Aprili 2020. Kule Guangzhou Waafrika waliamka wakatolewa nje ya vyumba walivyolipia, pasipoti mkononi, kwa sababu ilisemekana wao ndio wanasambaza korona. Migahawa ikawakataa. Ilifika mpaka Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika, Moussa Faki, akamwita balozi wa China kumweleza masikitiko yake. Nina marafiki waliolala chini ya daraja usiku ule, watu wenye kontena baharini. Wananiambia kilichowaumiza ni kwamba mwenye nyumba aliyewafungia mlango alikuwa amekula nao mezani miaka mingi.

Muha wa Kasulu ameandika:

Uzi huu umenigusa pasipo kutarajia. Nyie wa Dar mnaongelea wageni, sisi wa Kigoma tunaongelewa.

Mimi babu yangu amezikwa Kasulu, baba yangu amezikwa Kasulu. Kila nikiomba kitambulisho naulizwa maswali ambayo mwenzangu wa Moshi haulizwi. Naambiwa nitaje mlima, nimtaje mtemi, nilete mzee wa kunithibitisha. Kisa, lugha yangu na Kirundi zinasikilizana na pua yangu imekaa vibaya. Mwaka 2013 ilipopita Operesheni Kimbunga Kagera, Kigoma na Geita, lengo lilikuwa majambazi na wahamiaji haramu, na majambazi kweli walikuwepo, watu walikuwa wanatekwa kwenye mabasi. Lakini waliondolewa pia watu waliokaa miongo, wameoa kwetu, wamezaa kwetu. Familia ziligawanyika, mke upande huu na mume upande ule wa mpaka. Na jirani aliyekuwa na ugomvi wa shamba na jirani yake alijua pa kupeleka jina.

Nchi hiihii mwaka 2014 iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbia mauaji ya 1972, wale wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Najivunia hilo mpaka leo, sijui nchi nyingine iliyofanya jambo kubwa hivyo kwa wakimbizi. Ni mwaka mmoja tu kati ya Kimbunga na uraia. Sisi Watanzania tunaweza yote mawili, inategemea upepo wa wakati huo. Kwa hiyo nikisikia vijana wa Kariakoo wanasema "tuwajue kwa sura", nashika kitambulisho changu mfukoni.

Mbongo wa Joburg ameandika:

Niko huku tangu ujana. Nathibitisha aliyosema mwenye uzi na naongeza la sasa hivi.

Baada ya 2008 ilikuja 2015 Durban, ikaja Septemba 2019 hapa Johannesburg. Siku hizi hawasubiri vurugu. Kuna kundi linaitwa Operation Dudula, lilianza Soweto 2021, baadaye likajisajili kama chama cha siasa. Mwaka 2025 walisimama kwenye milango ya kliniki na hospitali za umma wanakagua vitambulisho. Hawana mamlaka yoyote. Mke wangu alikwenda kliniki akiwa na mimba ya miezi saba, ana kibali halali kabisa, akarudishwa getini na kijana wa miaka ishirini na kitu. Nesi alikuwa anaangalia tu. Aliyemsaidia ni bibi mmoja wa Kizulu aliyekuwa kwenye foleni, alimshika mkono akamwambia yule kijana ampishe, akamwita mjukuu wangu. Wakapita wote wawili.

Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliwakataza kudai vitambulisho vya watu na kuzuia wageni kupata huduma za afya na shule. Hukumu nzuri. Lakini mahakama haisimami getini saa kumi na mbili asubuhi.

Niwaambie na upande wa pili ili mjue sichukii wenyeji. Huku zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu wenye nguvu ya kufanya kazi hana kazi, ukihesabu na waliokata tamaa ya kutafuta. Kwa vijana ni mbaya zaidi. Kliniki kweli hazina dawa. Ila kwa sensa ya 2022 waliozaliwa nje ya nchi hii ni kama milioni 2.4 katika watu milioni 62. Hata tukiondoka wote kesho, dawa iliyoibwa kwenye stoo ya hospitali haitarudi. Wengi wa wanaoandamana wanajua hivyo, nimezungumza nao. Mmoja aliniambia mkubwa aliyeiba hamfikii, mimi ananifikia.

Na wazee wa Morogoro watawaambia Mazimbu ilikuwa nini. Watoto wa hawa Waafrika Kusini waliokimbia ubaguzi walisoma pale, shule ya Solomon Mahlangu, tangu 1978, wakati Tanzania yenyewe sukari na sabuni ni foleni. Nimewahi kumwonyesha kijana wa Dudula picha ya makaburi ya wakimbizi wao Mazimbu. Alikuwa hajawahi kuisikia, alikaa kimya akaniuliza kama anaweza kwenda kuyaona.

Chuma cha Mwenge ameandika:

Nimesoma yote. Huyu wa kliniki ameniumiza, pole kaka. Bado nasema Mchina atoke rejareja.

Ila mwenye uzi nikubane. Umesema mtu wa katikati ndiye mwenye tatizo. Wewe una leseni safi na frem yako. Ukifuatwa leo na mgeni, anakupa hela ya mwaka mzima mkononi, wewe ukae nyumbani yeye auze kwa jina lako, utakataa? Tusidanganyane.

Mwenye uzi:

Nimeshafuatwa mkuu, tena mwaka huohuo wa amri. Alikuja dalali Mtanzania, mtu ninayemjua, akaniambia mteja wake anataka leseni na TIN tu, frem atanilipia yeye, na kila mwezi nitapata zaidi ya ninachopata nikisimama mwenyewe kuanzia asubuhi. Nilikuwa na ada ya mtoto haijalipwa. Nikamwambia hapana, kwa sababu vijana wawili wanaonisaidia dukani wangekosa kazi siku hiyohiyo, na mmoja ni mtoto wa marehemu dada yangu.

Alitoka kwangu akaingia frem ya tatu kutoka yangu. Huko alikubaliwa. Mwenye leseni siku hizi anakaa kwake na duka linauza sufuria zilezile ninazouza mimi, kwa bei niliyoeleza pale juu. Yule kijana wa Kichina anayesimama pale ndani ananisalimia kila asubuhi kwa Kiswahili, ameajiriwa, naye analalamika mshahara unachelewa.

Jina la mwenye leseni na la dalali siyaandiki hapa. Nitayapeleka kwenye kikao cha viongozi wetu wa wafanyabiashara, pamoja na namba ya frem, na nitaomba yaende kwa afisa biashara. Nategemea nitaitwa msaliti, maana yule bwana ni wa kwetu na ana watu wengi. Wewe uliyepoteza laini tatu za viatu, ukiwa na la kwako la namna hiyo njoo tuingie wote wawili. Namba yangu nimekutumia faragha.